Meza ya Katikati

Jumatatu, 3 Machi 1958

Daftari hili mume wangu Khaemba amelitoa kazini. Lilikuwa la kuandikia mafuta ya injini, na kurasa tatu za mwanzo zina mafuta kweli, nimezichana. Amesema, "Ulisoma mpaka darasa la nne. Usipoandika, mkono utasahau." Basi nitaandika. Naliaka akikua asome jinsi tulivyokaa naye hapa Nakuru, landi za reli, nyumba za wafanyakazi, chumba namba kumi na mbili, mimi na baba yake na yeye mwenyewe akiwa na meno manne.

Leo vumbi jeupe la ziwani limepanda mpaka kwetu. Nimefua vitambaa vya mtoto mara mbili na bado vinakwaruza mkono.

Jumanne, 4 Machi

Vumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kwenda bandani. Ni banda la zamani la magunia, chini kidogo ya reli. Bwana wa lokesheni, mtaa wetu wa Waafrika, aliwapa mafundi walitumie pamoja, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na mahali pake. Odero, fundi wa bati, anakaa karibu na mlango wa mbele na kelele zake. Akeyo, mjane anayeshona, ameweka cherehani dirishani. Mlango wa nyuma unatazama mlima Menengai, na ukifunguliwa upepo unapita banda zima. Mimi sina ufundi. Ninafagia, na Akeyo ananifundisha kushona. Naliaka anakaa ndani ya debe ambalo Odero alilikata akalikunja kingo zisimkate, tukalitandika gunia. Anasimama humo akishika ukingo kama mtu aliye ndani ya behewa.

Katikati ya banda kuna meza moja nzito. Hakuna anayefanyia kazi pale. Ni ya vitu vilivyoharibika. Desturi ni kwamba kitu kikikuharibikia hukifichi wala hukipeleki nyumbani. Unakiweka juu ya meza. Na mtu akikiona hana ruhusa ya kucheka kabla ya kuuliza, "Hii ilitaka kuwa nini?" Ukishamjibu, acheke anavyotaka. Kisha yeyote anayekipenda anakichukua.

Leo palikuwa na chombo cha bati chenye mdomo uliopinda.

"Hii ilitaka kuwa nini?" Akeyo aliuliza.

"Kopo la maziwa la mzungu wa Njoro," Odero alisema.

"Mzungu amekataa?"

"Mzungu hana neno. Ng'ombe ndiye amekataa."

Akeyo alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani, halafu akakichukua, na sasa kina vifungo na sindano zake. Niliuliza ni nani aliyeanzisha desturi hii. Akeyo alisema, "Ni ya zamani," akaendelea kushona.

Jumamosi, 15 Machi

Naliaka anajua sauti ya viatu vya baba yake. Khaemba akiwa bado kule kwa chumba namba nane, mtoto amekwisha kugeuka mlangoni. Nimekaa miaka miwili nyumbani Kimilili nikiwa na mume wa kwenye barua tu. Sasa ninaye mtu mzima, na mafuta yake kwenye shuka zangu, sinung'uniki.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imefika. Ilishuka kutoka Menengai ikafunika mji mara moja, hata mabehewa ya stesheni hayakuonekana. Watu walisimama nje wakilowa kwa kupenda. Jiko la pamoja la landi paa lake liling'oka mwaka jana na halijarudishwa, kwa hiyo majiko yote yameingia vyumbani.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Naliaka anakohoa.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Anakohoa.

Alhamisi, 27 Machi

Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Nilimfunga mgongoni nikaenda dispensari. Dresa ni mtu mzima, mpole, ana koti jeupe lenye kiraka. Alimsikiliza mbele, akamsikiliza nyuma, akanitazama.

"Mama, unapika wapi?"

"Chumbani."

"Na mnalala wapi?"

"Chumbani."

"Maharagwe yanakaa juu ya makaa muda gani?"

"Masaa matatu. Yakiwa ya zamani, manne."

"Na mtoto yuko pale."

Ningemweka wapi?

Alinipa dawa ya chupa. Alisema kifua cha aina hii hakitaki moshi wala hewa ya makaa, na kwamba dawa peke yake haiwezi kushindana na jiko. "Mlete Ijumaa tarehe kumi na tatu Juni, tusikie mvua imemfanyia nini. Na kama una mahali pengine pa kumweka, usingoje."

Khaemba alisikiliza yote akiwa na kijiko mkononi. Mwisho akasema, "Mama kule Kimilili ana jiko lake nje ya nyumba. Nitaomba waranti." Waranti ni karatasi ya reli, unasafiri bure nayo, mara moja kwa mwaka.

"Ya kwenda mpaka lini?"

"Mpaka apone."

Anyango wa chumba namba saba alienda nyumbani mwezi mmoja ili mtoto apate nguvu. Huu ni mwaka wa tatu. Mumewe anapika ugali mwenyewe na hasemi na mtu. Sikumwambia Khaemba hilo. Anajua, wanachota maji bomba moja.

Jumatano, 2 Aprili

Waranti imeandikwa: mke mmoja, mtoto mmoja, Jumamosi tarehe 14 Juni, siku moja baada ya dresa. Khaemba aliiweka ndani ya Biblia. "Dresa akisema kifua kimefunguka, hamwendi," alisema. "Akisema bado, mnaenda." Mkono wake ulikaa juu ya Biblia muda mrefu. Si mtu mbaya. Anaogopa kama mimi.

Jumapili, 6 Aprili

Pasaka. Tuliimba kanisani mvua ikitupigia paa. Naliaka alikohoa katikati ya sala ya mzee, mama mmoja akageuka.

Jumatano, 9 Aprili

Kipsang, askari wa lokesheni anayeshika ufunguo wa banda, alileta mtu. Anaitwa Thuo, fundi seremala. Ametoka kambini, alikamatwa mwanzo wa Hali ya Hatari. Ana karatasi yenye muhuri na gunia lenye randa mbili na msumeno. Hana meno ya mbele.

Alisalimia. Odero aligonga bati. Akeyo alijibu polepole sana, hata hakugeuza kichwa.

Kipsang alisema, "Mimi naangalia mlango, siangalii watu," akaondoka.

Nami nilimtoa Naliaka ndani ya debe nikamfunga mgongoni, ingawa alikuwa hajachoka kukaa.

Jumamosi, 12 Aprili

Odero amejenga ukuta. Amepasua madebe, akayanyoosha, akayaunga, akakata banda kutoka ukuta huu mpaka ule. Thuo yuko nyuma peke yake, anaingilia mlango wa nyuma. Akeyo naye ametundika pazia kati yake na Odero, alisema ni kwa ajili ya vumbi la bati. Meza ya katikati ilikuwa inazuia ukuta, wakaisukuma pembeni. Odero ameweka makaa yake juu yake.

"Karani," Odero aliniita, maana ananitania hivyo tangu alipojua ninaandika. "Tuandikie vibao, kila mtu ajulikane mahali pake."

Nikaandika kwa rangi, vibao vitatu. ODERO. AKEYO. THUO. Herufi zimenyooka vizuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilirudi nyumbani nimefurahi, kisha nikiwa ninamnyonyesha Naliaka furaha ikaisha na sikujua imeenda wapi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kikohozi.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Banda limejaa moshi siku hizi. Odero anachoma risasi ya kuungia bati, Akeyo ana pasi yake ya makaa, na upepo haupiti tena. Nakaa na Naliaka mlangoni kabisa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nataka kuandika jambo hili sawasawa.

Asubuhi niliteleka maharagwe. Yalikuwa yamechemka kama nusu saa tu Naliaka akashikwa na kikohozi, midomo ikabadilika rangi. Nilitoa jiko nje kwenye mvua likazimika lote. Yale maharagwe niliyahurumia. Sikutaka yapoe kabisa nikaanza upya na makaa mengine. Nikafunika sufuria, nikaizungushia koti la reli la Khaemba, lile zito la baridi, nikaifunga na leso juu, nikaisukuma chini ya kitanda. Nikakimbia dispensari.

Foleni ilikuwa ndefu. Nilirudi saa nane, mtoto amelala. Nikafungua nione kama nitaweza kuwasha. Mvuke ulinipiga usoni. Nikabonyeza haragwe moja. Likapondeka.

Khaemba alikula sahani mbili.

"Nani alikaa na jiko na wewe ulikuwa dispensari?"

"Koti lako."

Alitazama koti, akalinusa kola. "Na kesho nitavaa nini?"

"Hilohilo."

Nusu saa ya moto badala ya masaa matatu. Na hiyo nusu saa naweza kuwasha nje ukutani hata mvua ikinyesha, nimeshika mwavuli. Nimehesabu siku mpaka tarehe kumi na tatu Juni. Zimebaki hamsini.

Ijumaa, 25 Aprili

Kule shedi ya injini wamemwita Bwana Maharagwe. Amesema koti halirudi chini ya kitanda.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilimweleza Odero. Alisikiliza na misumari mdomoni. "Unataka koti la bati," alisema. "Nitakutengenezea." Akanitengenezea sanduku la bati lenye kifuniko kinachobana kabisa.

Jumatano, 30 Aprili

Sanduku la bati limeshindwa. Bati linatoa joto nje, ukuta wake unaunguza mkono, ndani maharagwe yamepoa yakiwa magumu. Kabla ya jioni yalikuwa yamechacha. Nilirudi kuwasha jiko chumbani. Alikohoa.

Sikumwambia Odero. Meza haipo siku hizi ya kuweka kitu kama hicho, na kukibeba mpaka upande wake mbele ya watu niliona haya.

Jumamosi, 10 Mei

Akeyo alinishonea mfuko mkubwa, akaujaza sufu, yale mabaki ya manyoya ya kondoo yanayokuja kutoka Molo, anayojazia mito. Siku ya kwanza yaliiva na nikalia. Siku ya pili sufu ilikuwa imekunywa mvuke. Siku ya tatu ilinuka kama kondoo aliyelowa, na haikushika joto. Kwa mvua hii haikauki.

Jiko limerudi chumbani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekuta sanduku la mbao mlangoni kwangu. Ni mbao za mti wa mutarakwa, harufu yake imejaa ukumbini. Pembe zimeunganishwa bila msumari hata mmoja. Hakuna aliyesema ni la nani, lakini seremala ni mmoja. Ukuta wa madebe hauzuii maneno. Kumbe alikuwa akinisikia siku zote nikiwaeleza Odero na Akeyo.

Sikuligusa. Jirani anaweza kuona, akasema napokea vitu vya mtu wa kambini.

Alhamisi, 15 Mei

Bado lipo mlangoni. Mvua inaliingia. Naliaka ametambaa mpaka pale akalipiga kofi kwa mikono yote miwili, akacheka. Nikaona aibu, nikaliingiza ndani.

Jumatatu, 19 Mei

Mbao zimekunywa mvuke, zimevimba, kifuniko hakifungi. Lakini lilishika joto kuliko bati. Ningeweza kumwambia Thuo hivyo, nimshukuru pia. Nilifika hadi mlango wa nyuma wa banda, nikasikia randa yake inakwenda, shuu, shuu, nikageuka.

Jumatano, 21 Mei

Dawa ya chupa imeisha. Mluzi kifuani haujaisha. Khaemba ameleta kikapu kipya cha safari, akakiweka juu ya kabati. Naliaka amejifunza kusema "baba". Anamwambia baba yake, anaiambia taa, anakiambia kikapu.

Ijumaa, 23 Mei

Nitaandika yote.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Khaemba alikuwa ameenda na injini mpaka Molo. Mvua ilikuwa ya mawe. Niliwasha jiko chumbani, na kabla maji hayajachemka Naliaka akashikwa, si kama siku zile nyingine. Alikuwa anavuta pumzi na pumzi haiji. Nilimfunika na leso nikatoka mbio. Dispensari ni mbali, sikufikiri hata mara moja, miguu ilinipeleka bandani kwa sababu kule kuna watu.

Nikaingia kwa mlango wa mbele. Odero alikuwa na moto wa risasi, Akeyo na pasi yake, na kwa sababu ya mawe walikuwa wamefunga dirisha. Moshi ulikuwa umesimama kama ukuta wa pili. Mtoto akazidi. Macho yake yalinitazama mimi tu, kana kwamba mimi ndiye niliyeificha hewa.

Thuo alisema nyuma ya mabati, kwa sauti ya kawaida, "Mlete huku. Huku hakuna moto. Mlango uko wazi."

Kwake hakuna moto kwa sababu ya maranda, yangeshika. Hewa safi yote ya banda ilikuwa upande wake, hatua sita kutoka nilipokuwa, na mimi nilitakiwa kutoka nje tena nizunguke banda zima katika mvua ya mawe na mtoto ambaye havuti pumzi.

Odero alinitazama. Akautazama ukuta wake. Akaingiza mikono, bila glavu, bila nyundo, kati ya debe na debe, akavuta. Misumari ililia. Thuo akasukuma kutoka upande wa pili. Kipande kizima kilianguka na kibao chenye jina la Odero, na upepo wa Menengai ukapita kama zamani, ukazima hata taa ya Akeyo. Nikavuka.

Thuo aliinua gunia mlangoni lizuie mawe, hewa ipite. Akeyo alimpiga mtoto mgongo taratibu. Odero alisimama tu, damu inamtoka vidoleni, anasema, "Vuta, mama, vuta, nyanya yangu, vuta." Sikujua kama anasema na mtoto au na mimi.

Akavuta. Kisha akalia, kilio kirefu chenye hasira, na hakuna wimbo nilioupenda hivyo.

Tulikaa chini juu ya maranda. Ndipo nikamwambia Thuo, "Sanduku lako ni zuri. Kifuniko kimevimba. Sikukushukuru."

"Limeshindwa?"

"Limeshindwa. Na la Odero limeshindwa. Na mfuko wa Akeyo."

Odero akainua kichwa. "Langu lilishindwa lini?"

"Siku ya pili."

"Na hukusema?"

"Ningeliweka wapi, Odero?"

Aliitazama meza pale pembeni, na makaa yake juu.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua ndogo. Nilivibeba vyote vitatu kwa safari mbili. Meza imerudi katikati, imesuguliwa, na ukuta uliobaki umeshuka. Niliweka sanduku la bati, mfuko wa sufu unaonuka, na sanduku la mbao lililovimba, nikasimama nyuma.

Thuo ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa maneno yaleyale: "Hii ilitaka kuwa nini?"

Odero alishangaa. "Wewe ulijifunzia wapi hiyo?"

Akeyo akaweka mkasi chini. "Hakujifunza," alisema. "Ni yake. Meza ni yake pia. Aliitengeneza mwaka wa hamsini na moja, nilikuwepo, mimi na mume wangu. Ikamharibikia, mguu mmoja mfupi, akakataa kuificha. Akatuambia tuulize kwanza ilitaka kuwa nini." Alikuwa halii lakini sauti yake ilikuwa imelowa. "Siku ile ulipoingia na Kipsang nilikujua, Thuo. Nikanyamaza. Niliogopa."

"Nilijua umenijua," Thuo alisema. "Ulikata uzi kabla ya wakati."

Odero alikaa juu ya debe. Akasema, mwaka wa hamsini na nne alilala ndani kwa polisi siku nne kwa kumwazima mtu msumeno. Waliuliza msumeno ni wa kukata nini, yeye hakujua. "Si wewe," alimwambia Thuo. "Ni ule msumeno."

"Ulirudi?"

"Haukurudi."

"Basi wangu uko pale ukutani. Ukiutaka, chukua."

Halafu wakaanza kunihoji mimi, wote watatu, kama dresa watatu. La bati lilishindwa wapi? Joto linatoka. Lilivuja mvuke? Hapana, hata tone. Mfuko? Ulishika joto, ukanywa maji. Mbao? Zilishika, zikanywa. Odero akachukua sanduku lake akaliingiza ndani ya la Thuo. Likacheza ndani, nafasi ya vidole vinne kila upande. Akeyo akatazama ile nafasi.

"Hapo ni pangu," alisema.

Jumanne, 27 Mei

Bati ndani, lisipitishe mvuke. Sufu katikati, iwe kavu na ishike joto. Mbao nje. Kusema ni rahisi. Ugumu ni kwamba ukingo wa bati lazima ukunjwe juu ya mbao pande zote wakati sufu imeshindiliwa, na sufu ukiiachia inafura inasukuma bati. Mtu mmoja hawezi. Wawili hawawezi. Akeyo alishindilia, Thuo akabana mbao kwa magoti, Odero akakunja, na mimi nilikalia kifuniko na Naliaka mapajani, maana ilitakiwa uzito.

"Karani, leo umefanya kazi ya mwili," Odero alisema.

Tulifanya juu ya meza ya katikati. Mguu wake ni mfupi kweli, tulitia kipande cha kibao chini. Thuo alikisoma kabla ya kukisukuma chini ya mguu: kilikuwa kile cha jina lake.

"Mwandiko mzuri," alisema.

Nilimwomba msamaha. Alisema meza imesimama.

Alhamisi, 29 Mei

Dakika ishirini na tano za moto, nje, chini ya mwavuli. Kisha sandukuni, na mto wa sufu juu. Masaa matano. Yameiva yote.

Ijumaa, 30 Mei

Yameiva.

Jumamosi, 31 Mei

Nyoyo, mahindi na maharagwe pamoja. Yameiva. Kipsang alipita, akala, akasema askari lazima akague.

Jumatano, 4 Juni

Jiko halijaingia chumbani siku saba. Anakohoa asubuhi tu.

Jumapili, 8 Juni

Mvua kubwa, chumba kikavu. Khaemba aliweka kiganja chake juu ya sanduku, akaweka sikio pia. "Hakuna kitu kinasikika," alisema. "Lakini linafanya kazi." Hakutazama kikapu. Mimi pia sikukitazama.

Alhamisi, 12 Juni

Kesho. Nimefua gauni lake la njano.

Ijumaa, 13 Juni

Dresa alisikiliza mbele. Akasikiliza nyuma. Akarudi mbele, na mimi nilikuwa ninaangalia kile kiraka cha koti lake nikihesabu mishono. Ishirini na mmoja.

"Mlimpeleka nyumbani?"

"Hapana. Yuko hapahapa."

"Hajapona kabisa," alisema. "Kwa kifua hiki utamlinda miaka miwili, mitatu. Lakini kimefunguka. Umefanya nini?"

Nikamweleza. Alifikiri ninatania, halafu akavuta kiti. Aliuliza kama linaweza kutengenezwa kubwa, la uji wa watoto waliolazwa, maana jiko lao linawaka ukutani mwa wodi. Nilisema sijui. Nilisema, nitauliza wenzangu.

Khaemba alikuwa amengoja nje, ameomba ruhusa kazini, bado ana nguo za kazi. Nilimwambia. Alimchukua Naliaka akatembea mbele yangu mpaka landi bila kugeuka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikamwacha atembee mbele.

Jumamosi, 14 Juni

Gari la moshi la kupanda, la kwenda kwetu, limelia stesheni. Nililisikia nikiwa bandani. Lilikuwa na nafasi mbili zetu.

Waranti ikipita siku yake ni karatasi tu. Niliitoa kwenye Biblia, nikaiweka juu ya meza ya katikati.

Odero aliigeuza na kidole chenye kovu. "Hii ilitaka kuwa nini?"

"Ilitaka kuwa safari," nilisema.

Hakucheka, ingawa ruhusa alikuwa nayo. Thuo aliichukua, akaigeuza upande usioandikwa kitu, akatoa penseli nyuma ya sikio na kuanza kuchora sanduku la wodi: mbao hivi, bati hivi. Akeyo akamsogezea mkono, "Ongeza hapo, sufu haitatosha." Odero akasema bati la ukubwa huo litataka mikono kumi, na yetu ni minane.

"Kipsang ana miwili," nilisema.

Odero na Akeyo walirudi kwenye kazi zao, Naliaka amelala kwenye debe lake. Akakohoa mara moja. Nyundo ikasimama, penseli ikasimama, cherehani ikasimama, sote tukamtazama. Tukangoja. Kikohozi hakikurudi.

Odero akainua nyundo.